Ujumbe hausomeki kwenye DHT wakati wa shambulio: nirudie, nisubiri, au nihesabu umepotea?

Fundi_Nodi:

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua DHT (hifadhi ya data iliyogawanywa kwa kompyuta nyingi, yaani nodi) kwa undani.

Programu ni ya kutumiana ujumbe bila seva ya kati. Mpokeaji asipokuwa hewani, ujumbe wake, ukiwa umeshasimbwa, unawekwa kwenye DHT ya mtindo wa Kademlia mpaka aje auchukue. Vipimo ni hivi: vitambulisho vya biti 256, k = 20 (nodi zinazoshika kila rekodi), α = 3 (maombi yanayotumwa kwa pamoja), mtandao wa nodi kama 20,000. Ufunguo wa sanduku, yaani anwani ya mahali ujumbe wa mpokeaji unapowekwa kwenye DHT, ni heshi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye data) ya ufunguo wa umma wa mpokeaji. Mtumaji anaweka rekodi kwa nodi 20 zilizo karibu zaidi na ufunguo huo (vitambulisho vyao vinafanana nao kwa biti nyingi za mwanzo), anaihuisha kila saa 1, na nodi inaifuta ikifikisha saa 24. Mpokeaji anakagua sanduku kila dakika 2. Kila ombi linasubiri sekunde 2, na usomaji ukishindikana programu inarudia papo hapo hadi mara 10.

Tangu nodi ngeni zianze kumiminika, logi zinaonyesha mambo matatu. Kuna masanduku yanayojibu "hakuna ujumbe" kila mara, ilhali mtumaji ana risiti 20 kati ya 20 za nodi kwamba zimepokea rekodi. Kuna mengine yanasomeka kisha yanapotea, kisha yanasomeka tena. Na maombi yanayoisha muda bila jibu yamekuwa mengi, huku trafiki ya UDP ikipanda hata kwa watumiaji ambao sanduku lao halina shida.

Nitajuaje ujumbe umepotea kweli au umefichwa tu? Nirudie mara ngapi, na kwa nafasi gani? Na je, haya yanatibika upande wa mteja pekee au lazima nibadilishe itifaki? Matoleo ya zamani bado yanatumika na watu wengi.

---

kitasa256:

Mkuu, usiguse idadi ya marudio kwanza. Tenganisha matokeo. Naona msimbo wako una majibu mawili tu, "nimepata" na "hakuna", na hapo ndipo mshambuliaji anapokula bila jasho. DHT inaweza kukuthibitishia kwamba kitu kipo, kwa sababu rekodi ina saini unayoweza kuikagua. Haiwezi kukuthibitishia kwamba kitu hakipo. Nodi 20 zikisema "sina", umepata maneno ya nodi 20 usizozijua, basi. Kwa hiyo hali ya "hakuna ujumbe" iondoe kabisa kwenye msimbo. Badala yake weka hizi:

Kimya: ombi limeisha muda, hakuna jibu.
Sina: nodi iko hai, imejibu, haina rekodi, na imekupa majirani.
Mbovu: rekodi imekuja lakini saini haithibitiki, au ufunguo haulingani.
Kuukuu: saini ni sahihi, ila nambari ya toleo ni ndogo kuliko uliyokwisha kuiona.

Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Kimya kinataka usubiri. Sina inataka ubadilishe njia mara moja, maana hizo nodi ziko hai na kusubiri hakutazifanya ziseme kweli. Mbovu inataka uitoe nodi hiyo kwenye jedwali lako la njia (orodha ya nodi unazozijua) na kuuliza inayofuata bila kungoja. Kuukuu ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu inapita ukaguzi wa saini: ukiacha kusoma pindi jibu la kwanza lenye saini linapofika, mtu anaweza kukulisha sanduku la jana milele. Endelea kusoma mpaka njia zote zikamilike, kisha chukua nambari kubwa zaidi. Mainline DHT ya BitTorrent inafanya hivyo kwa rekodi zinazobadilika (BEP 44, moja ya nyaraka za kanuni za BitTorrent): kila rekodi ina saini ya kidijitali ya Ed25519 na nambari ya mfululizo, na kubwa ndiyo inayoshinda.

Kuhusu risiti 20 kati ya 20, hazina thamani uliyozipa. Nodi inayopokea rekodi na kuitupa inatoa risiti nzuri kabisa. Mtumaji asome alichokiandika baada ya dakika kadhaa, kwa kitambulisho tofauti na kupitia nodi za kuanzia tofauti. Akisoma kwa kitambulisho kilekile alichoandikia, nodi bandia inaweza kumwonyesha yeye rekodi na kumnyima kila mtu mwingine.

Sasa kipimo cha kujua uko kwenye shambulio gani. Unahitaji nodi ya pili, iliyoingia mtandaoni upya, kwenye mtandao mwingine wa IP, isiyotumia orodha ya wenzake iliyohifadhiwa na nodi ya kwanza. Chukua funguo zinazoshindwa kusomeka, na tengeneza pia funguo kadhaa za nasibu, uziandikie data na uzisome. Kisha linganisha:

Funguo za nasibu zinasomeka na nodi zote mbili, sanduku halisomeki na yoyote: sanduku lenyewe limezingirwa (majirani zake ni nodi bandia), au rekodi imekufa.

Nodi ya pili inasoma kila kitu, ya kwanza haisomi: jedwali la njia la nodi ya kwanza limejazwa nodi bandia. Huo ni uzingiraji wa nodi.

Hata funguo za nasibu zinashindwa kote: mtandao mzima umefurikwa, na hapo la kwanza ni kupunguza mzigo wako mwenyewe.

Bila kipimo hiki utatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

---

biti_za_mwanzo:

Naongezea hapo kwenye sanduku lililozingirwa, kwa sababu dalili ya "risiti kamili, usomaji mtupu" inanukia hilo. Linapimika kwa hesabu ndogo, huhitaji hata nodi ya pili.

Vitambulisho halali vimetawanyika sawasawa. Kwenye mtandao wa nodi 20,000, idadi ya nodi zinazofanana na ufunguo wako kwa biti 10 za mwanzo inatarajiwa kuwa 20,000 ÷ 1,024, yaani kama 19 au 20. Ndiyo kusema nodi zako 20 za karibu zinapaswa kufanana na ufunguo kwa biti 10 hivi, na ile ya karibu kuliko zote kwa biti 14 au 15. Zinazofanana kwa biti 18 au zaidi zinatarajiwa kuwa 20,000 ÷ 262,144, yaani 0.08. Ukikuta tatu tayari kuna mkono wa mtu. Ukikuta zote 20, sanduku halina hata jirani mmoja wa kweli.

Na gharama yake kwa mshambuliaji ni ndogo mno. Kupata kitambulisho kinachofanana na ufunguo kwa biti 18 kunahitaji wastani wa majaribio 262,144 ya kuzalisha jozi ya funguo. Kompyuta ya kawaida inayozalisha 50,000 kwa sekunde inamaliza kimoja kwa sekunde 5 hivi, na 20 kwa chini ya dakika 2. Ndiyo maana ufunguo wa sanduku unaotokana moja kwa moja na ufunguo wa umma ni kosa la muundo: kila mtu anajua sanduku lilipo, leo na mwakani.

Angalizo: ukubwa wa mtandao usiukadirie kutoka eneo la sanduku hilohilo, maana ndilo lililochafuliwa. Tafuta funguo za nasibu 30 au 50, pima msongamano kwenye kila moja, chukua kadirio la katikati. Usichukue wastani, eneo moja lililojazwa litauvuta juu.

Ukishagundua uzingiraji, acha kanuni ya "20 za karibu" na utumie eneo. Kusanya nodi zote zinazofanana na ufunguo kwa biti 9 au 10, hata kama ziko nyuma ya zile 20, na uziulize zote. Za kweli zitakuwa humo, kwa sababu mshambuliaji anaweza kuongeza nodi zake lakini hawezi kuziondoa za wengine. Ila hii inafanya kazi endapo mwandishi naye ameandika kwa eneo zima. Kama aliandika kwa 20 za karibu wakati zote ni bandia, rekodi haikuwahi kuwekwa popote, na msomaji hata aulize dunia nzima hataipata. Kwa hiyo anza na upande wa kuandika, ndio wa usomaji ufuate.

Mshambuliaji akiliona hilo ataleta nodi 2,000 eneo hilohilo ili uchoke. Weka kikomo kwa anwani: ndani ya eneo moja, usiulize zaidi ya nodi 2 kwa kila subneti (kundi la anwani za IP zenye mwanzo mmoja) ya /24 kwenye IPv4, au kwa kila /48 kwenye IPv6. Kikomo hicho kibaki ndani ya eneo, usikipeleke kwenye jedwali zima la njia, la sivyo utawafungia nje watumiaji halali wa simu ambao mamia yao wanatokea nyuma ya anwani moja ya mtoa huduma.

---

Fundi_Nodi:

Nimepima masanduku matatu yanayolalamikiwa zaidi. La kwanza lina nodi 20 zote zenye biti 19 hadi 22 zinazofanana na ufunguo, na 17 kati yake zimetoka subneti mbili. Mengine mawili yako kawaida kabisa, nodi ya karibu zaidi ina biti 14. Hayo mawili ndiyo yanayosomeka na kupotea. Nafikiri hapo ni kimya zaidi kuliko sina.

---

foleni_ndefu:

Hayo mawili unayapiga wewe mwenyewe, mkuu. Fanya hesabu: usomaji mmoja mpaka kufikia nodi 20 za karibu unatuma maombi yasiyopungua 20. Wa kwanza na marudio 10 ni maombi 220, kila dakika 2, sawa na 6,600 kwa saa kwa kila mteja ambaye sanduku lake halisomeki. Na yote yanaangukia nodi zilezile 20. Shambulio likipunguza uwezo wao kidogo, wateja wako wanamalizia kazi. Nodi zikichelewa kujibu zaidi ya sekunde 2, mteja anahesabu zimekufa, anarudia, zinachelewa zaidi.

Kwanza, urudiaji ambao haubadilishi kitu ni upotevu. Ukirudia papo hapo unapita kwenye jedwali lilelile, unakutana na nodi zilezile, unapata jibu lilelile. Kila rudio libadilishe angalau kimoja kati ya njia, nakala na wakati.

Kwa kimya, badilisha wakati. Anza na dari (kikomo cha juu cha kusubiri) ya sekunde 5, izidishe mara mbili kila unaposhindwa: 10, 20, 40, 80, na kuendelea hadi dakika 30, kisha ibaki hapo. Muda halisi wa kusubiri uwe wa nasibu kati ya sifuri na dari hiyo. Usisubiri dari kamili, kwa sababu wateja waliokatika pamoja watarudi pamoja, na utakuwa umetengeneza mawimbi badala ya kuyatuliza. Ukifanikiwa mara moja, usirudi sekunde 5 kwa ghafla, shusha dari hatua moja moja.

Kwa sina, badilisha njia. Tumia njia zisizokutana: gawa nodi zako za kuanzia katika makundi, kila kundi litafute peke yake, na nodi iliyotumika kwenye njia moja isitumike kwenye nyingine. Hili lilipendekezwa na Baumgart na Mies mwaka 2007 kwenye S/Kademlia, Kademlia iliyoimarishwa usalama. Hesabu yake inatia moyo: nodi bandia zikiwa 25% ya mtandao na utafutaji ukipita hatua 4, njia moja inafika salama kwa uwezekano wa 0.75 kwa kipeo cha 4, yaani 32%. Njia 4 zisizokutana zinakupa 78%, njia 8 zinakupa 95%. Ila elewa zinatibu nini. Zinatibu uchafu wa njiani. Sanduku lako la kwanza lenye majirani 20 wote bandia, njia zote 8 zitaishia mikononi mwa yuleyule. Hapo sikiliza alichosema biti_za_mwanzo.

Muda wa kusubiri wa sekunde 2 kwa wote nao uache. Pima muda wa kwenda na kurudi kwa kila nodi na ukadirie kwa kanuni ya TCP (RFC 6298): wastani laini jumlisha mara 4 ya mtawanyiko, usishuke chini ya sekunde 1. Juu weka dari ya sekunde 5 na usiipandishe wakati wa shambulio, hata ushawishike vipi. Kuna nodi bandia zinazojibu makusudi dakika ya mwisho, kila ukisogeza dari zinasogea nayo. Bora upandishe α kutoka 3 hadi 5 au 6 ili nodi moja ya kuburuta miguu isishike foleni yote.

Mwisho, bajeti. Kila usomaji unaofanikiwa uongeze sehemu ya kumi ya tokeni (kibali cha kurudia), kila rudio litoe tokeni 1, na tokeni zikiisha mteja asirudie. Mtandao ukiwa mzima marudio hayazidi 10% ya mafanikio. Mtandao ukianguka, yanajizima yenyewe. Acha ruhusa ndogo isiyotegemea bajeti, tuseme rudio 1 kwa sanduku kila dakika 30, vinginevyo aliyezingirwa hatatoka kamwe.

---

kitasa256:

Na hicho kipindi cha kukagua kila dakika 2, kiondoe. Rekodi inaishi saa 24. Kwa mtu ambaye programu iko wazi mbele yake, dakika 5 zenye unasibu zinatosha, programu ikiwa nyuma ya pazia kagua mara chache zaidi. Wawili walio hewani pamoja waunganishwe moja kwa moja. DHT ni ya asiyekuwepo.

---

mnyororo_43:

Kuhusu swali la kwanza, "umepotea au umefichwa", DHT haitakujibu kamwe. Jibu linatoka kwa mtumaji.

Kila ujumbe kati ya watu wawili ubebe nambari ya mfululizo na heshi ya ujumbe uliotangulia, ndani ya usimbaji, zisionekane nje. Msomaji akipata 41 na 43, anajua kwa uhakika 42 ipo na inamkosa. Hapo kushindwa kusoma kunakuwa deni lenye jina: anaomba 42 kwa nambari, na ombi hilo analibandika kwenye ujumbe wake wowote unaofuata kwenda kwa mtumaji. Hakuna haja ya kupiga kelele mtandaoni.

Tatizo ni mkia. Kama 44 ndiyo ya mwisho na imefichwa, hakuna 45 ya kumwambia kuna pengo. Mtumaji aandike rekodi ndogo ya hali, yenye saini, kila saa 6: "nambari yangu ya mwisho ni 44, muda ni huu". Aiandike hata kama hana jipya. Ikisomeka na inasema 43, ambayo msomaji tayari anayo, ametulia; ikisema 44, anajua kuna inayomkosa. Isiposomeka kwa vipindi viwili mfululizo, hali ni "hatujui", na hilo neno liingie kwenye programu kama lilivyo. Mtumaji akizima simu, rekodi itakosekana pia, kwa hiyo usiitafsiri kama shambulio.

Upande wa mtumaji: ujumbe usitoke kwenye kisanduku cha kutuma mpaka mpokeaji alete uthibitisho wenye saini yake. Risiti za nodi zisifute kitu. Weka siku 14 au zaidi, hifadhi ya simu haitalia kwa maandishi. Na kila anapohuisha, atafute upya nodi za kuandikia. Nimeona misimbo mingi inayohifadhi orodha ya nodi 20 za mwanzo na kuzipelekea hizohizo kila saa. Kama zilikuwa bandia saa ya kwanza, utakuwa unahuisha ndani ya pipa la taka kwa siku nzima.

Faili kubwa ni habari nyingine. Nakala 3 kamili, kila moja ikiwa na nusu ya uwezekano wa kupatikana, zinakupa 87.5%. Nafasi ileile ya hifadhi, ukiigawa kwa Reed-Solomon kuwa vipande 30 ambavyo 10 vyovyote vinatosha kurudisha faili, inakupa karibu 98%. Sharti ni kwamba kila kipande kiwe na ufunguo wake unaoangukia mahali tofauti. Vipande 30 kwenye eneo moja vinakufa pamoja, na hesabu yote inakuwa mapambo. Kwa maandishi ya chini ya kilobaiti 1 usijisumbue, tumia nakala. Utafutaji 10 kwa ajili ya "sawa, asante" ni kichekesho.

---

biti_za_mwanzo:

Nirudi kwenye ufunguo wa sanduku, maana hapo ndipo itifaki lazima ibadilike.

Watu wawili waliokwisha kubadilishana funguo wana siri ya pamoja. Tumia hiyo: ufunguo wa sanduku = HMAC-SHA-256 (heshi inayohitaji siri) ya siri hiyo, juu ya namba ya kipindi na namba ya nakala. Kipindi kiwe saa 6, nakala 3. Mtu wa nje hawezi kukokotoa sanduku litakapokuwa kipindi kijacho, na hata akiligundua la sasa kwa kuchungulia trafiki, ana saa chache tu za kulitumia. Msomaji asome kipindi cha sasa na kilichopita, na kijacho kama saa ya simu haiaminiki. Nakala 3 kwa vipindi 2 ni utafutaji 6. Anza na nakala moja kwa nasibu, nyingine uzifuate ikishindikana.

Kuhamisha ufunguo kwa tarehe pekee hakutoshi. I2P (mtandao wa kuficha utambulisho) hubadilisha funguo za njia za netDb, hifadhi yake ya taarifa za mtandao, kila siku saa sita usiku UTC kwa kuchanganya tarehe ndani ya heshi. Inamlazimu mshambuliaji kuanza upya kila siku, lakini tarehe ya kesho inajulikana, na anaweza kuandaa vitambulisho mapema. Huduma za onion (huduma zilizofichwa) za Tor toleo la 2 zilikuwa na udhaifu wa jinsi hiyo: nafasi za saraka zao zilitabirika. Toleo la 3 linachanganya thamani ya nasibu ambayo mamlaka za saraka huizalisha kwa pamoja kila siku. Wewe huna mamlaka za saraka, lakini wawili wanaozungumza wana siri yao, na hiyo ni bora zaidi.

Linabaki tatizo moja: sanduku la mtu anayetumiwa kwa mara ya kwanza na asiyemjua. Hilo lazima liwe la wazi. Liandike kwa eneo, liwe na nakala nyingi zaidi, na usilitumie kwa chochote baada ya salamu ya kwanza.

---

Fundi_Nodi:

Hili la siri na vipindi naanza nalo leo. Swali: vipi kuhusu kulazimisha kila nodi itatue fumbo la kukokotoa kabla ya kukubaliwa? Na matoleo ya zamani niyaache vipi?

---

foleni_ndefu:

Fumbo linasaidia, weka biti 16. Kitambulisho kikubalike pale tu heshi ya heshi ya ufunguo wa umma inapoanza na sifuri 16. Nodi halali inahitaji majaribio 65,536 mara moja katika maisha yake, sekunde chache hata kwa simu. Mshambuliaji anayetaka pia biti 18 za ukaribu anahitaji 2 kwa kipeo cha 34, kama bilioni 17. Kwa 50,000 kwa sekunde hiyo ni siku 4 za kiini kimoja cha kompyuta kwa kila kitambulisho, siku 80 kwa 20.

---

biti_za_mwanzo:

Sikubaliani na hiyo 50,000 kama ngao, mkuu. Nilipoitumia mimi nilikuwa naonyesha jinsi shambulio lilivyo rahisi hata kwa mvivu. Anayejua kazi hazalishi ufunguo mpya kila mara, anajumlisha pointi moja kwenye mkunjo wa kihisabati unaozalisha funguo na kupata ufunguo unaofuata, kasi inapanda mara nyingi. Halafu viini 100 vinakodishwa kwa saa. Siku 80 zinageuka kuwa saa. Mtafiti Douceur alishaonyesha mwaka 2002 kwamba bila mamlaka ya kuthibitisha vitambulisho huwezi kuwazuia Sybil (mtu mmoja anayejifanya nodi nyingi) kabisa, unapandisha bei tu.

Bei hiyo ina maana ikiwa ufunguo unahama. Saa 20 za kukokotoa dhidi ya sanduku linalokaa saa 6 ni hasara kwake. Dhidi ya sanduku lisilohama ni uwekezaji. Kwa hiyo weka fumbo, ila baada ya vipindi. Na kama nodi zako nyingi zina anwani za umma, angalia BEP 42: inafunga biti 21 za mwanzo za kitambulisho na anwani ya IP, hivyo mtu hajichagulii mahali pa kukaa bila kuwa na anwani inayoangukia hapo.

Matoleo ya zamani: mtumaji mpya aandike mahali pote pawili, ufunguo wa zamani na mpya, kwa mpokeaji ambaye hajawahi kumwonyesha toleo jipya. Akishamwona anatumia toleo jipya, aache wa zamani moja kwa moja. Usirudi kwenye wa zamani eti kwa sababu mpya umeshindwa kusomeka, hiyo ni njia ya mshambuliaji kukurudisha kwenye uwanja wake.

---

mnyororo_43:

Kitu ambacho hakijaguswa: kila rudio linamwambia aliyezingira sanduku kwamba mwenye sanduku yuko hewani sasa hivi, kwenye anwani hii ya IP. Shambulio la kuficha ujumbe linaweza kuwa chambo cha kumfanya msomaji agonge mlango mara kwa mara. Eneo likishaonyesha msongamano usio wa kawaida, usomaji upitie kwa nodi ya kati ambayo haijulikani na wale 20, na marudio yashuke, yasipande.

Kwa sababu hiyohiyo, logi unazokusanya kutoka kwa watumiaji zisibebe funguo za masanduku, hata biti 16 za mwanzo. Kwa watumiaji wachache hizo zinamtaja mtu. Kusanya hesabu tu: kimya ngapi, sina ngapi, mbovu ngapi, na biti za karibu zaidi.

Kwenye skrini ondoa "Huna ujumbe mpya". Andika "Nakala 2 kati ya 3 zimefikiwa, saa 8:10 mchana". Na alama ya "umefika" kwa mtumaji iwake kwa uthibitisho wa mpokeaji peke yake.

---

Fundi_Nodi:

La mwisho: nodi zilizotoa rekodi mbovu, wateja wagawane orodha yao ili wengine wasihangaike nazo?

---

kitasa256:

Hapana. Orodha ya pamoja ni zawadi kwa mwenye nodi 2,000: zote zitaripoti kwamba nodi zako nzuri ni mbovu, na wateja wako watazifungia wenyewe. Kila mteja awe na orodha yake, kwa alichokiona mwenyewe, na jina lifutike baada ya saa 24 kwa sababu anwani ya IP inaweza kupewa mtu mwingine. Iingie kwa rekodi mbovu tu. Nodi iliyosema "sina" au iliyokaa kimya usiifungie, inaweza kuwa nodi halali ambayo haikuwahi kuandikiwa, au imezidiwa na wateja wa toleo lako la zamani.